Deni na Nia: Juu ya "Shall" na "Will"

Maneno hufanana kama watu wafananavyo. Ndugu wawili huweza kuwa na sura moja hata mgeni asiwatenge, lakini mama yao huwajua gizani kwa mlio wa nyayo zao. Katika Kiingereza wamo ndugu wawili wa namna hiyo, "shall" na "will". Kila mmoja hutangulia kitendo na kutuarifu kwamba kitendo hicho hakijawa, ila kitakuwa. Mwanafunzi wa Kiswahili huwapokea wote wawili kwa silabi moja, "ta", akaona amemaliza kazi. Katika insha hii nakusudia kuonyesha mambo matatu: kwamba tofauti ya maneno haya ni kubwa, kwamba kanuni tuliyofundishwa juu ya tofauti hiyo ni dhaifu, na kwamba mtu asiyeijua tofauti yenyewe huweza kunyimwa haki yake mchana, naye asijue amenyimwa nini.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Siku moja nilikuwa nikisahihisha insha za Kiingereza za kidato cha pili. Msichana mmoja alikuwa ameandika, "I will be a doctor", yaani atakuwa daktari. Nilichukua kalamu nyekundu nikakata "will", nikaandika "shall" juu yake, nikampunguzia alama moja. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa shuleni, na hivyo ndivyo nilivyofundisha tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Kesho yake msichana yule alikuja mezani pangu, daftari mkononi. Akasema, "Samahani, mwalimu. Mimi nilitaka kusema kwamba nimekata shauri. Je, hilo neno ulilonipa linasema hivyo?" Nilifungua kinywa nimjibu, nikaona sina jibu. Nilimwambia arudi baada ya juma moja. Yaliyomo humu ni matunda ya juma lile na miaka iliyofuata.

Kwanza tuitazame kanuni yenyewe. Husema hivi: katika nafsi ya kwanza, yaani mimi na sisi, "shall" hutoa habari tupu ya mambo yajayo, na "will" huonyesha ahadi, nia au tishio. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hupinduka: "will" huwa habari tupu, na "shall" huwa ahadi, amri au tishio. Kwa kanuni hii, asemaye kwamba kesho atatimiza miaka kumi na sita yampasa kutumia "shall", kwa kuwa umri hauhitaji nia ya mtu. Lakini aapaye kwamba hatasema uongo tena yampasa kutumia "will". Tazama basi aibu yangu! Msichana yule alitaka kuonyesha nia, akatumia neno la nia. Hata kwa kanuni yangu mwenyewe, yeye alikuwa amepata na mimi nilikuwa nimekosa. Nilishika nusu ya kanuni na kuisahau nusu ya pili, na kwa nusu hiyo nilimhukumu mtoto.

Kanuni hii ilitoka wapi? Haikushuka pamoja na lugha. Mtu aliyeiweka katika maandishi akasikilizwa sana alikuwa John Wallis, ambaye mwaka 1653 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichoandikwa kwa Kilatini. Wallis alikuwa profesa wa jometri katika Oxford, na ndiye aliyewapa wanahisabati ile alama ya kisicho na mwisho, inayofanana na tarakimu ya nane iliyolala ubavu. Mwanahisabati hupenda mizani: upande huu ukipanda, upande ule ushuke. Kanuni yake ina uzuri wa hisabati, kwa maana kila nafsi imepewa neno lake, na kila neno limepewa kazi mbili zilizopishana. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliitia katika sarufi yake, na baada yake waandishi wa vitabu vya shule waliipokezana kama watu wapokezanavyo ndoo za maji penye moto.

Lakini lugha ni kazi ya vinywa vya watu, na vinywa havikuijua hisabati ya Wallis. Mwaka 1925 mtaalamu wa Marekani, Charles Carpenter Fries, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya tamthilia za Kiingereza za karne nyingi. Alihesabu jinsi wasemaji wa tamthilia walivyotumia maneno haya mawili, akaona kwamba hawakuifuata kanuni ile. Watu wa Scotland na wa Ireland nao waliishi na "will" katika nafsi zote pasipo kupata hasara. Na tukumbuke kwamba miongoni mwa wamisionari wa kwanza waliofundisha Kiingereza katika nchi yetu walikuwamo watu wa Scotland, waliojenga misheni Thogoto na Tumutumu. Yamkini babu zetu walisikia kwa masikio jambo moja, na wajukuu wao wakasoma vitabuni jambo jingine.

Walimu wa zamani walikuwa na kichekesho cha kuitetea kanuni hii. Mgeni mmoja alitumbukia majini, akawa anazama, akapiga kelele, "I will drown, and nobody shall save me!" Waingereza waliokuwa ukingoni waliposikia, walidhani anasema kwamba amekusudia kufa na kwamba anamkataza kila mtu kumwokoa. Wakamwacha azame. Kichekesho hiki huchekesha, lakini hakisadikishi. Mtu wa kweli asimamaye ukingoni husikia sauti ya hofu na kuona mikono inayopigapiga maji. Hangoji kupima nafsi ya kwanza na ya tatu.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni huu. Mwezi wa Machi 1942, katika vita vikuu vya pili, Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani alikuwa ameondoka Ufilipino mbele ya Wajapani. Alipofika Australia alisema kwamba atarudi, na neno alilolitumia katika nafsi ya kwanza lilikuwa "shall". Kwa kanuni ya Wallis, yale yalikuwa habari tupu, kama mtu asemaye kwamba jioni mvua itanyesha. Je, yuko aliyeyasikia hivyo? Watu wa Ufilipino waliyasikia kama kiapo, na tarehe 20 Oktoba 1944 jenerali yule alikanyaga pwani ya Leyte akakitimiza. Winston Churchill naye, katika Bunge la Uingereza tarehe 4 Juni 1940, alirudia "shall" mara nyingi kwa nafsi ya sisi aliponena juu ya kupigana bila kusalimu amri. Hakuwa anatabiri. Kama wenye lugha, saa ya hatari kuu, huchukua neno ambalo sarufi imeliita habari tupu na kulifanya kiapo, basi kosa ni la sarufi.

Basi tofauti iko wapi? Tuteremke mpaka kwenye mizizi. "Will" ilitoka katika kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichokuwa na maana ya kutaka. Ndiyo sababu mpaka leo neno hilo hilo lina maana ya hiari ya mtu, na maana ya wasia, kwa kuwa wasia ni hati ya matakwa ya marehemu. "Shall" ilitoka katika kitenzi kingine kilichokuwa na maana ya kuwiwa, yaani kuwa na deni. Katika Kijerumani, kilicho ndugu wa Kiingereza, liko neno "Schuld" la ukoo huo huo, nalo lina maana ya deni na maana ya hatia. Kwa hiyo maneno haya mawili yalianza safari katika nyumba mbali mbali. Moja lilitoka moyoni mwa mtu, katika matakwa yake. La pili lilitoka nje yake, katika lile alilowiwa na wengine. Wa "will" hutazama mbele kwa sababu anataka. Wa "shall" hutazama mbele kwa sababu anadaiwa.

Hapa msomaji asidhani kwamba Kiswahili ni maskini. Wataalamu wa lugha huona kwamba "ta" yetu ni kipande kilichosalia cha kitenzi "taka". Ushahidi wake tunao kila siku vinywani, pale tusemapo "mtu atakayekuja" au "siku nitakapofika". Hapo "taka" hujitokeza nzima. Basi "nitakwenda" ya Kiswahili na "I will go" ya Kiingereza zilijengwa kwa udongo wa namna moja, udongo wa kutaka. Ama "shall", haina silabi inayolingana nayo kwetu. Badala yake tunayo maneno mazima: yapasa, sharti, lazima, hapana budi. Na tunayo methali iliyowahi kusema kwa maneno matatu kile ambacho Wallis hakukisema katika kitabu kizima: ahadi ni deni. Mwenye kufahamu methali hii ameshika roho ya "shall".

Jaribu maana hizi katika maswali, uone jinsi zinavyofanya kazi. Ukisema "Will you help me?" unauliza hiari ya mwenzako, kama anataka kukusaidia au hataki. Ukisema "Shall I open the window?" huulizi hiari yako mwenyewe, kwa sababu hiyo unaijua. Unajiweka chini ya uamuzi wa mwenzako, uwe na wajibu wa kufungua dirisha akitaka lifunguliwe. Kila neno limekaa mahali pake pasipo kuhesabu nafsi.

Pengine mwanafunzi atasema, "Mambo haya ni ya vitabu, yanihusu nini?" Nami namjibu kwa kisa changu. Nilipoajiriwa mara ya kwanza, shule moja ambayo sitaitaja ilinipa mkataba wa kurasa mbili. Nilikuwa kijana mwenye haraka ya kazi, nikatia sahihi bila kuusoma mara mbili. Baadaye niliutazama kwa jicho la mwalimu wa lugha. Katika mistari iliyonihusu mimi, kila kitendo kilitanguliwa na "shall": mwalimu ataingia darasani saa fulani, atasimamia mabweni, atatoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kuacha kazi. Katika mistari iliyowahusu wao, nyumba ya mwalimu ilitanguliwa na "will", kisha ikafuata "itakapopatikana". Nilipanga chumba mjini miaka miwili, na nyumba haikupatikana. Sisemi kwamba hakimu angaliamua kwa neno hilo moja, kwa maana katika sheria hata "will" huweza kumfunga mtu kama mkataba mzima unaonyesha hivyo. Nasema kwamba aliyeuandika mkataba alijua kutenga deni na nia. Madeni yote aliyaweka mabegani pangu, na nia akaiweka kwao.

Tutoke katika mkataba wa mtu mmoja, twende katika mkataba wa taifa. Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliandikwa kwa Kiingereza chenye "shall" tele. Kifungu cha 27, ibara ndogo ya 8, huagiza kwamba Serikali ichukue hatua, zikiwamo za kutunga sheria, ili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Kifungu cha 81 husema vivyo hivyo juu ya mfumo wa uchaguzi. Bunge la Taifa lina viti 349 vya wabunge, basi kwa hesabu hiyo kila jinsia ingepaswa kupata viti visivyopungua 117.

Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Mwanasheria Mkuu aliiomba Mahakama ya Juu ushauri: je, jambo hili ni la sasa hivi au la kutimizwa hatua kwa hatua? Mwezi wa Desemba majaji walio wengi walijibu kwamba ni la hatua kwa hatua. Katika hoja zao walilipima hili neno letu dogo. Walisema kwamba "shall" huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi yenyewe ni wazi, imekwisha kuwa tayari, haihitaji matayarisho mengine. Wakaweka tarehe 27 Agosti 2015 iwe mwisho wa kutunga sheria. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Yeye aliona kwamba haki hiyo ilipasa kutimizwa katika uchaguzi uliokuwa mlangoni.

Tarehe ile ilifika, ikapita. Miswada zaidi ya mmoja ilianguka Bungeni kwa kukosa kura au kwa kukosa wabunge wa kutosha ukumbini. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu halikutunga sheria hiyo. Mahakama Kuu iliusimamisha ushauri huo, na Bunge lile likamaliza muda wake. Uchaguzi wa 2022 ulipokwisha, wanawake katika Bunge la Taifa hawakufika hata mia moja.

Mhakiki wa lugha aseme nini juu ya haya? Hawezi kujifanya jaji. Lakini aweza kuonyesha jambo moja. Deni lililo kamili lina nguzo tatu: mdaiwa anayejulikana, mdai anayejulikana, na siku ya kulipa. Katika kifungu cha 27 mdaiwa ametajwa, naye ni Serikali, ila siku haikutajwa hapo. Katika kifungu cha 81 "shall" imewekwa juu ya wanachama wa vyombo vyenyewe, kwamba wasizidi kiasi fulani. Je, hapo mdaiwa ni nani? Ni mpiga kura? Ni chama? Ni tume ya uchaguzi? Kila mmoja huweza kumwonyesha mwenzake kwa kidole. Neno lenye asili ya deni lilitiwa katika sentensi isiyo na mdaiwa, nalo likaanza kulegea mpaka likafanana na "will": itakuwa, pindi watu watakapotaka.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba deni bila siku si deni. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 259, huagiza kwamba jambo lisilowekewa muda litendwe bila kukawia pasipo sababu. Hiyo ndiyo hekima ya methali yetu. Mtu aliyekopa debe la mahindi pasipo kutaja siku ya kulirudisha hakupewa zawadi. Majirani humwangalia, na kila msimu wa mavuno upitapo humwangalia zaidi. Nadhani waliosoma "shall" kana kwamba ni habari ya mambo yajayo, ambayo yatakuja yenyewe kama masika, waliidhulumu lugha kabla ya kumdhulumu mtu.

Mataifa mengine yameona hatari hii, yakaliacha neno. Afrika Kusini ilipoandika Katiba yake ya 1996 ilichagua "must" badala ya "shall", ili mwananchi wa kawaida asiwe na shaka kwamba ni lazima. Marekani nayo ilipoziandika upya kanuni za mashtaka ya madai za mahakama zake za shirikisho mwaka 2007, iliiondoa "shall". Shauri lao ni jema, nami nalisifu, lakini halimalizi taabu. Hata "must" bila mdaiwa ni kamba isiyo na kigingi. Kinachofunga ni sentensi nzima iliyonyoka, yenye mtu, kazi na siku.

Wanafunzi wapenzi, msikariri kanuni ya Wallis kama dua. Ijueni, kwa kuwa mtaikuta vitabuni, na jueni kwamba katika mazungumzo ya leo "will" hutumika katika nafsi zote bila kosa. Lakini mkiona "shall" katika mkataba, katika sheria, au katika ahadi ya mkubwa yeyote, simameni kidogo. Ulizeni: nani anadaiwa? Nani anadai? Lini litalipwa? Na mkiandika kwa Kiswahili, msiridhike na "ta" peke yake mahali pa wajibu. Andikeni "sharti alipe kabla ya tarehe fulani", msiandike "atalipa" tu, kwa maana "atalipa" ni ndugu wa "ataka kulipa", na kutaka peke yake hakujalisha mtu.

Msichana wangu alirudi baada ya juma moja, kama nilivyomwambia. Nilimwomba daftari, nikaifuta "shall" yangu, nikamrudishia "will" yake pamoja na ile alama moja. Nikamwambia, "Neno lako lilikuwa sawa. Umesema unataka, na mwenye kutaka hutumia neno hilo." Alitazama ukurasa kitambo kidogo, kisha akauliza, "Na nikisema 'shall', mwalimu, nitakuwa nimesema nini?" Nikamwambia, "Utakuwa umesema kwamba wako wagonjwa wanaokudai." Akacheka, akaenda zake. Juma lililofuata alileta insha nyingine, na mwisho wake alikuwa ameandika sentensi mbili juu ya udaktari, moja ya "will" na moja ya "shall". Sikuikata hata moja.